Chumba cha juu Bamburi, slebu tupu: ni 9,000, 12,000 au 18,000 BTU?

NyumbaBamburi

Assalam aleikum wanajukwaa. Naomba msaada wa hesabu ya BTU (kipimo cha nguvu ya AC ya kupoza), si wa kutajiwa chapa.

Nyumba iko Bamburi, Mombasa, chini na juu. Nataka kutia AC sehemu mbili. Ya kwanza ni chumba cha kulala cha juu: mita 4 kwa 3.6, kimo mita 2.8. Juu yake ni slebu ya zege ya inchi sita, tupu, haina dari wala rangi. Ukuta wa mita 4 unaelekea magharibi na una dirisha moja la luva za kioo, mita 1.8 kwa 1.2, lenye pazia la ndani la rangi ya maziwa. Ukuta wa mita 3.6 unaelekea kusini, hauna dirisha. Kuta mbili zilizobaki zapakana na vyumba visivyo na AC. Bloku ni za inchi nane, plasta ndani na nje. Wanalala watu wazima wawili na mtoto. Kuna runinga ndogo na feni ya juu.

Ya pili ni sebule ya chini, mita 6 kwa 5, imeungana na jiko bila mlango. Vioo kama mita 6 za mraba vinaelekea mashariki, chini ya baraza. Jioni huwa na watu sita.

Fundi wa kwanza asema chumbani 9,000 yatosha, wa pili 12,000, wa tatu 18,000 "ili ipoe haraka". Hakuna aliyetoa futi mfukoni. Nani yuko sawa, na jibu lapatikanaje? Pia muuzaji anataka nichukue ile ya joto na baridi kwa bei ya juu zaidi. Kuna haja?

---

MhandisiBaridi

Waaleikum salaam ndugu. Vipimo ulivyotoa vyatosha kabisa, tuhesabu.

Kwanza ujue tofauti yao imetoka wapi. Wengi huzidisha ukubwa wa sakafu kwa namba moja. Chumba chako ni mita za mraba 14.4. Anayezidisha kwa 600 anapata 8,640, anakwambia 9,000. Anayezidisha kwa 800 anapata 11,520, anakwambia 12,000. Wa tatu huenda amechukua jibu la wa pili akapanda ngazi moja. Njia hiyo haijui kama juu yako kuna slebu inayochomwa na jua au kuna chumba cha jirani, wala haijui dirisha limeelekea wapi. Vyumba viwili vyenye sakafu sawa, kimoja chini upande wa mashariki na kimoja juu upande wa magharibi, vinaweza kutofautiana mara mbili.

Hesabu ya kweli yafuata njia ambazo joto huingilia. Chagua kwanza hali ya nje na ya ndani. Kwa Mombasa, mchana wa Februari na Machi natumia nyuzi 33 nje, na hewa iliyobeba gramu 20 za mvuke kwa kila kilo ya hewa. Ndani nataka nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55, yaani gramu 11 kwa kilo. Tofauti ni nyuzi 8 za joto na gramu 9 za mvuke. Hiyo ya pili ndiyo watu husahau, na pwani ndiyo yenye kisa.

Halafu jua. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini karibu na tarehe 10 Machi, na tena mapema Oktoba. Machi ndipo kaskazi inapolegea na fukuto kuzidi. Maana yake ni kwamba katika mwezi mbaya kuliko yote, ukuta wa kusini na wa kaskazini hupata jua kidogo, na mzigo unaangukia paa, kisha magharibi na mashariki. Chumba chako kina vyote viwili: paa na magharibi.

Kanuni ni eneo (mita za mraba) × upitishaji joto wa kitu chenyewe × tofauti ya joto. Kwa slebu na ukuta unaopigwa na jua, tofauti si nyuzi 8, kwa sababu uso wa nje umepata moto kuliko hewa. Zege la kijivu saa nane mchana huweza kufika nyuzi 60, na moto huo unachelewa saa kadhaa kabla ya kutokea ndani. Nimeweka tofauti ya nyuzi 22 kwa slebu na 16 kwa ukuta wa magharibi, mnamo saa kumi na moja jioni:

Slebu: 14.4 × 3 × 22 = wati 950
Ukuta wa magharibi bila dirisha: 9 × 2.5 × 16 = 360
Ukuta wa kusini: 10 × 2.5 × 9 = 225
Joto linalopita kwenye kioo: 2.16 × 5.7 × 8 = 100
Jua linaloingia kupitia kioo: 2.16 × 550 × 0.5 = 590 (550 ni wati za jua kwa kila mita ya mraba, na hiyo 0.5 ni kioo cha kawaida pamoja na pazia lako)
Kuta za ndani: 21 × 2 × 4 = 170
Sakafu, chini yake chumba kisicho na AC: 14.4 × 2.5 × 4 = 145
Hewa inayopenya kwenye luva, joto kavu (la nyuzi tu, bila mvuke): 0.33 × 60 × 8 = 160
Watu watatu, joto kavu: 190
Runinga, taa na feni: 150

Jumla ya joto kavu ni wati 3,040.

Hiyo 60 ni mita za ujazo za hewa kwa saa, na 0.33 (kwa mvuke 0.83) ni namba ya kuigeuza kuwa wati. Chumba kina mita za ujazo 40, na luva za kawaida hata zikifungwa hubadilisha hewa mara moja na nusu kwa saa. Wala hiyo si hesabu ya juu. Sasa mvuke unaokuja na hewa hiyo: 0.83 × 60 × 9 = wati 450. Pumzi na jasho la watu watatu: 135. Joto la unyevu ni wati 585.

Jumla kuu ni wati 3,625. Zidisha kwa 3.412 upate BTU kwa saa: kama 12,400.

Kwa hiyo chumba kilivyo leo, fundi wa pili ndiye aliyekaribia. Lakini usinunue bado. Tazama orodha tena uone wati ziko wapi: slebu, jua la dirishani, na luva. Ukipaka slebu rangi nyeupe ya kuzuia maji, tofauti ya 22 yashuka karibu nusu, unaokoa kama wati 450. Ukiweka kivuli nje ya dirisha, yaani kibanda cha mabati au turubali kinachokata jua la jioni, ile 590 yashuka hadi kama 150, umeokoa 440. Kivuli kiwe nje. Pazia la ndani linapambana na jua ambalo limeshaingia. Na ukibadilisha luva ukatia dirisha la kusukuma lenye mpira, au hata paneli ya kioo isiyofunguka juu na dirisha la kufunguka chini, hewa yashuka kutoka mara 1.5 hadi kama 0.5 kwa saa: wati 105 za joto kavu na 300 za unyevu.

Toa 1,295 kwenye 3,625. Zabaki 2,330, karibu BTU 8,000. Chumba kilekile sasa chatosheka na 9,000, na fundi wa kwanza anakuwa sawa. 18,000 haimo katika hesabu yoyote.

Mashine ya joto na baridi: hapana. Usiku wa Julai na Agosti Mombasa hushuka hadi nyuzi 20 au 22 hivi, na chumba chenye watu watatu hakihitaji kupashwa moto. Kama bei ingekuwa ileile haidhuru, lakini usiiongezee hata shilingi. Anayejenga Limuru, kwenye baridi ya bara, na ahesabu njia hizihizi kinyume, aache jua na unyevu.

---

BintiVipimo

Hesabu ya kaka Mhandisi imekaa sawa, nami naikubali 550 ya jua la magharibi. Nataka kuongezea jambo moja analoligusa kwa mbali: hiyo ni hesabu ya jioni, na chumba cha kulala hutumika usiku.

Usiku wa Machi hewa ya Mombasa hupoa, lakini mvuke haupungui. Kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji, hubaki 24 au 25 mchana na usiku. Kwa hiyo saa kumi alfajiri, jua halipo, slebu imeshatoa sehemu kubwa ya moto wake, na joto kavu la chumba hicho kwa luva zake laweza kuwa kama wati 740 tu. Joto la unyevu ni karibu lilelile, 550. Yaani zaidi ya asilimia 40 ya kazi ya mashine ni kukausha hewa.

Sasa weka pale mashine ya 18,000, ambayo ni wati 5,275. Chumba kinadai 1,290. Mashine isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kupunguza nguvu ila kuwaka au kuzima tu, itazunguka robo ya muda na kuzima robo tatu. Dakika za kwanza kila inapowaka, koili (mabomba ya baridi ya ndani) bado inapoa na haijaanza kudondosha maji. Ikianza tu kudondosha, kipimajoto kinasema nyuzi zimefika, kompresa inazima. Feni ya ndani inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa, na yale maji yanarudi hewani kama kutoka kwenye kitambaa kibichi kinachopepewa. Matokeo ni chumba cha nyuzi 23 chenye unyevu wa asilimia 75. Ngozi inanata, shuka ni baridi na chepechepe, mtu anashusha hadi nyuzi 18 akidhani baridi haitoshi. Hapo ndipo kuta zinaanza kuota kuvu upande wa pili, kwenye chumba cha jirani ambacho hakina AC, kwa sababu uso wa ukuta umeshuka chini ya kiwango cha umande. Ukiona kioo cha dirisha kinatoka jasho kwa nje alfajiri, chumba kimepozwa kupita kiasi.

Kwa hiyo "ili ipoe haraka" ni ushauri unaonunua dakika kumi za mwanzo na kulipa kwa usiku mzima. Anayetaka kuingia chumba kilichopoa aiwashe nusu saa mapema.

Inveta inapunguza tatizo hili lakini hailiondoi. Kwenye kibandiko utaona uwezo umeandikwa hivi: 3.5 (0.9–4.0) kW. Wauzaji husoma namba ya kati. Wewe soma ya kwanza ndani ya mabano, uwezo wa chini kabisa. Ikiwa ni 0.9, mashine inaweza kujishusha hadi mzigo wa alfajiri ikaendelea kuzunguka polepole na kukausha. Za 18,000 nyingi haziwezi kushuka hivyo, zinarudia kuwaka na kuzima kama za zamani. Tazama pia nyota za lebo ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, lakini nyota hazikuambii lolote kuhusu uwezo wa chini.

Feni ya juu usiitoe. Hewa inayotembea taratibu mwilini inakuruhusu kuweka nyuzi 26 badala ya 24 bila mtu kulalamika, na feni yenyewe hula wati 50.

Sebule sasa. Haina slebu ya jua, kwa hiyo usiogope mita 30 za mraba. Kuta za nje takriban wati 540, vioo 275, mwanga unaoingia chini ya baraza 450, sakafu ya juu 300, kuta za ndani 200, watu sita 420, friji, runinga na taa 350. Hewa naipa mara mbili kwa saa kwa sababu jiko liko wazi: mita za ujazo 168, joto kavu 440, unyevu 1,255. Ongeza unyevu wa watu, 330. Jumla wati 4,560, BTU 15,600. Hiyo ni mashine ya 18,000.

Lakini hesabu hiyo inasimama jiko likiwa limezimwa. Kichomeo kimoja kikubwa cha gesi hutoa kilowati 2 hadi 3, na kila kilo ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, kabla hujahesabu mvuke wa sufuria yenyewe. Hakuna mtu mwenye akili anayenunua AC ya kupoza pilau. Wengine huwasha feni ya kuvuta moshi wakidhani wameisaidia AC. Feni inayotoa mita za ujazo 300 kwa saa inavuta kiasi hichohicho cha hewa ya nje kupitia kila upenyo wa nyumba: 0.83 × 300 × 9 ni wati 2,240 za unyevu, na karibu 800 za joto kavu. Ni kama BTU 10,000 nzima. Dawa yake ni kutenganisha: mlango wa kuteleza wa kioo kati ya jiko na sebule, feni ivute ikiwa dirisha la jikoni limefunguliwa, ili hewa iingie na kutokea jikoni hukohuko. Ukishatia mlango, hewa ya sebule yarudi mara moja kwa saa na mzigo washuka kwa wati 850 hivi. 18,000 itakuwa na nafasi ya kupumua hata wageni wakija Idi.

---

FundiTudor

Naafiki namba. Mimi nitasema ya ufungaji, kwa sababu mashine ya ukubwa sahihi ikifungwa vibaya inakuwa ndogo.

Uwezo ulioandikwa umepimwa nje ikiwa nyuzi 35 na ndani nyuzi 27. Joto la Mombasa halifiki huko mara nyingi, kwa hiyo nje tuko salama, almuradi mashine ya nje inapata hewa safi. Hapa watu huitia kwenye kibaraza chenye kuta tatu au kwenye upenyo kati ya nyumba mbili, ikavuta hewa moto iliyotoka kuitema. Iache sentimita 15 hadi 20 nyuma, sentimita 50 ubavuni kwa fundi, na mbele pawe wazi mita moja na nusu au mbili. Usiitie juu ya slebu hiyo tupu. Saa nane mchana hewa iliyogusa zege ina moto kuliko unavyodhani. Ukuta wa kusini ndio mahali pake, kwenye vyuma vilivyochovywa zinki.

Chumvi. Bamburi upepo wa bahari unafika hadi barabarani. Chukua mashine ambayo mapezi ya koili ya nje yamepakwa, yale ya buluu au ya dhahabu. Aluminiamu tupu huanza kuwa unga kwenye kingo, mapezi yanaanguka, joto halitoki, mashine inapoteza nguvu kidogo kidogo mpaka mwenye nyumba anaambiwa "ilikuwa ndogo". Ioshwe kila miezi mitatu, maji ya presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje. Na maji yawe matamu. Visima vingi vya hapa ni vya maji ya chumvi, na ukioshea mashine maji ya kisima umeichumvia mara mbili. Nunua mitungi miwili ya maji, yatosha.

Mabomba: kwa 9,000 na 12,000 kawaida ni robo inchi na tatu kwa nane. Kwa 18,000 ni robo na nusu. Fuata kitabu cha mashine. Gesi iliyotiwa kiwandani hutosha mita tano au saba na nusu, ikizidi hapo unaongeza kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, si kwa kushika bomba na kusema limepoa. Yafunge mabomba yote mawili sponji, kila moja peke yake. Ukiacha sehemu ndogo wazi, kwa umande wa pwani itadondosha maji ukutani mwaka mzima.

Ombwe, yaani kuvuta hewa yote mabombani kwa pampu kabla ya kuachia gesi, ni lazima. Kuna wanaofungua valvu kidogo ili gesi isukume hewa nje, wakamaliza kwa dakika moja. Hewa na unyevu vinavyobaki hupandisha presha, hupunguza uwezo na kuharibu mafuta ya kompresa. Pampu ivute hadi chini ya maikroni 500 (kipimo cha ombwe), ifungwe, na sindano isipande kwa dakika kumi na tano. Ikipanda, kuna mvujo au kuna maji. Kama gesi ni R32, hakuna sigara wala tochi ya moto karibu, kwa sababu inashika moto.

Bomba la maji literemke sentimita moja kwa kila mita, bila tumbo katikati.

---

NyumbaBamburi

Shukran sana, nyote. Sasa naona nilikuwa nauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Maswali mawili ya mwisho. Pesa haitoshi kufanya rangi, kivuli na dirisha kwa mkupuo. Nianze na kipi? Na nikishafunga, nitajuaje mashine inafanya kazi niliyoilipia, bila vifaa vya mafundi?

---

MhandisiBaridi

Anza na dirisha. Wati 400 si nyingi kuliko za slebu, lakini robo tatu yake ni unyevu, na huo unakusumbua saa zote ishirini na nne, si jioni tu. Kabla hujaondoa luva, funga kila kitu, zima feni, kisha washa udi upitishe moshi taratibu kwenye kingo za fremu, chini ya mlango na pale waya zinapoingilia ukutani. Moshi ukivutwa au ukisukumwa, pana upenyo. Mara nyingi shimo la bomba la AC lenyewe ndilo kubwa kuliko yote, fundi amelijaza gazeti. Ulijaze povu na plasta. Chumba kikishazibwa vizuri, upenyo wa chini ya mlango uache ulivyo, na asubuhi mfungue madirisha yote. Watu watatu usiku kucha wanahitaji hewa.

Pili, kivuli cha dirisha. Rangi ya slebu iwe ya tatu kwa sababu inataka kazi: kuziba nyufa kwanza, koti mbili, na kuiosha kila mwaka kabla ya kaskazi, maana vumbi likiifanya ya kijivu umerudi ulikotoka. Ukipata pesa zaidi, dari ya jipsamu yenye ubao wa kuhami wa sentimita tano chini ya slebu inakata kama wati 780 peke yake, zaidi ya rangi, na haichafuki.

Ukinunua mashine kabla ya kumaliza yote, chukua 12,000 ya inveta yenye uwezo wa chini wa 0.9 au pungufu. Itabeba chumba kilivyo leo, na kikishatengenezwa itajishusha. Ukiweza kusubiri umalize, chukua 9,000.

---

BintiVipimo

Kuhusu kupima: maji ya bomba ndiyo shahidi wako. Kila lita inayodondoka ni kama wati 690 za joto la unyevu kwa saa moja. Chumba chako kwa hesabu ya hapo juu, kabla ya kuziba, kinatakiwa kutoa karibu mililita 800 kwa saa AC ikiwa imeshatulia. Weka chupa ya lita moja na nusu, angalia saa. Usipime saa ya kwanza, wakati huo yanatoka maji ya magodoro, nguo na plasta pia. Chupa ikipata mililita 200 tu huku ngozi inanata, ama mashine ni kubwa mno na inazima kila mara, ama feni ya ndani iko kasi ya juu na koili haipoi vya kutosha. Ishushe kasi kwanza.

Nunua pia kile kipimo kidogo cha joto na unyevu, kitundike mbali na mkondo wa AC. Baada ya saa mbili kisome chini ya asilimia 60. Ukishaziba madirisha, maji yatapungua na unyevu utapungua pamoja nayo. Maji yakipungua na unyevu ukapanda, hapo pana kasoro, muite fundi.

Umeme wake: kwa usiku wa saa nane, wastani wa mzigo wati 1,600 na mashine nzuri inayotoa wati 3.5 za ubaridi kwa wati moja ya umeme, ni kama yuniti 3.7. Zidisha kwa bei ya yuniti kwenye risiti yako ya tokeni.

---

FundiTudor

Na kabla hujalipa fundi, mwambie akuoneshe waya. Usikubali plagi ya soketi ya kawaida. 12,000 ipate waya wake kutoka kwenye boksi la fyuzi, milimita 2.5 kwa swichi ya ampea 16 au 20. Ya 18,000 ya sebule iwe na waya wa milimita 4 na swichi ya 25. Kila moja na swichi yake ya kukatia umeme karibu na mashine ya nje, iliyofunikwa isiingie mvua. Tia na kilinzi cha volti chenye kuchelewesha dakika tatu, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa isiyo ya inveta inajaribu kuwaka presha haijasawazika, na hapo ndipo nyingi huungua.

Kujua kama volti yako jioni inashuka chini ya 200, pima kabla, kwenye boksi, majirani wote wakiwa wamewasha. Ikishuka hivyo, inveta itavumilia kuliko ya kawaida, lakini peleka malalamiko kwa kampuni ya umeme kwanza. Hakuna ukubwa wa AC unaotibu laini dhaifu.